Gazeti Ndani ya Kiatu

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila ninaposikia gazeti likikunjwa. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2007, hapa hapa Nakuru, na mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye kibanda cha viatu vya mitumba na mdomo wa kumuuzia kiatu kimoja mtu mwenye miguu miwili. Usicheke. Marehemu bibi yako alikuwa akisema kwamba mtaa mzima wa Bondeni hakuna ulimi mwepesi kama wangu, na hakusema hivyo kwa kunisifu.

Biashara ile ina ujanja wake. Mteja akikipenda kiatu kinachomzidi, humwambii kuwa kinamzidi. Unachukua ukurasa wa gazeti, unaukunja uwe donge, unaushindilia kule mbele, kisha unamwambia ajaribu tena. Akienda hatua tatu anaona kimemkaa. Ya hatua ya mia nne atayajua akifika kwake. Niliwafanyia hivyo watu wengi, Mungu anisamehe, na haikunijia akilini kwamba ipo siku ningejifanyia mwenyewe.

Miaka ile vijana wa mji walikuwa wameingiwa na wazimu wa viatu vya magurudumu. Vilitoka kwenye marobota ya mitumba, vimechokwa na watu wa nchi za baridi, na kila Jumapili alasiri tulikusanyika kwenye lami laini nje ya uwanja wa michezo tukiteleza. Mimi nilikuwa mtu wa katikati. Nilijua kwenda mbele, kugeuka na kusimama mahali tambarare. Kurudi kinyumenyume sikujua, na mteremko niliuogopa, ingawa sikumwambia mtu.

Aliyejua alikuwa Achieng, mshonaji wa sare za shule kutoka mtaa wa Shabab. Mwanangu, ungemwona Achieng! Alikuwa akipita mikono nyuma, kidevu juu, wanaume wazima wakimpisha bila kuambiwa. Viatu vyake vilikuwa vya mashindano: vyeusi, vifupi kifundoni, magurudumu makubwa matano kwa mstari, bila breki yoyote. Nilimpenda yule dada kwa moyo wote. Kosa langu ni kwamba niliona viatu vyake nikasahau kuona miaka aliyoanguka akijifunza.

Mimi nami nilikuwa na heshima yangu ndogo. Niliwafundisha wasichana watano wa mtaa wetu, na waliniita Ticha. Wadogo wale wangeingia uwanjani siku ya sherehe za Jamhuri mbele ya mji mzima, wameshika kamba moja, mimi nikiwa kichwa cha msafara. Kuingia kulikuwa kwa njia ya mteremko. Mdogo kuliko wote alikuwa Chebet, mtoto wa miaka minane, ambaye mama yake aliuza viazi kutoka Kuresoi meza tatu kutoka kibanda changu. Mtoto yule nikikohoa, naye anakohoa.

Wiki hiyo nilifungua robota nikakuta jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, ya kike, laini, shingo yake imekatwa chini kidogo kuliko za wanaume, magurudumu manne ya wastani na breki ya mpira kisiginoni. Ya pili ilikuwa nyeusi, magurudumu matano, ndugu kabisa ya viatu vya Achieng. Sisi vile vya kwanza kuchaguliwa, vizuri kuliko vyote, huviita kamera. Nikasema moyoni, Rahma, leo kamera ni yako. Ile ya kijivu sikuitazama mara mbili. Nyeusi ilikuwa ya kiume na imenizidi nambari mbili, na mkono wangu, bila hata kuniuliza, ukalifikia gazeti.

Nikaipeleka kwa Mzee Jaswant abadilishe beringi za magurudumu. Huyu alikuwa Singasinga fundi wa pampu za maji, mwenye gereji nyuma ya soko, mzee wa ndevu nyeupe na kilemba cha buluu ambaye ujanani alicheza hoki mpaka magoti yakakataa. Vijana wote walimpelekea viatu vyao, naye alivitengeneza akisema magurudumu yanamkumbusha kukimbia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikipindua kile kiatu, akayazungusha magurudumu, akaitazama miguu yangu iliyokuwa kwenye ndara.

"Rahma, hii kiatu ni ya nani?"

"Ni yangu, Mzee."

Akaingiza vidole viwili, akalitoa lile donge. Akalikunjua polepole juu ya meza yake, akalinyoosha kwa kiganja kama mtu anayetaka kusoma habari.

"Na hii mguu ya karatasi, hiyo nayo ni ya nani?"

Mafundi wake wakacheka. Uso ukanichoma. Akaniambia, bila kupandisha sauti: "Ukidanganya customer, ataenda kwa mwingine. Ukidanganya mguu yako, itaenda wapi?"

Kisha akanieleza mengi. Kwamba kiatu kifupi kama kile kinategemea kifundo chenye nguvu, na changu bado. Kwamba hakina breki kwa sababu mwenyewe hutarajiwa kujisimamisha kwa miguu, nami sijui. Kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake, na Achieng amekuza wake. Mwishowe akauliza robota lilikuwa na nini kingine. Nikamtajia ile ya kijivu, kwa dharau kidogo. Nikachukua viatu vyangu na gazeti langu, nikaondoka nikiwa nimenuna. Siku mbili baadaye alikuja kibandani, akainunua ile ya kijivu bila kusema ni ya nani. Nikadhani ana mjukuu.

Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilibaki zima, mwanangu. Nilipasua kidevu cha mtoto wa mtu.

Jumamosi iliyofuata niliwapeleka wasichana mtaa wa Milimani kufanya mazoezi kwenye barabara moja ya mteremko isiyo na magari. Mijakaranda ilikuwa imemwaga maua, lami imekuwa zambarau. Nikaishika kamba mbele, wao nyuma yangu, Chebet wa mwisho. Hatua za kwanza nilijiona Achieng kabisa. Mteremko ulipoanza, kisigino changu kikaanza kupanda na kushuka ndani ya kiatu. Vifundo vikalegea kwa ndani. Yale magurudumu makubwa yakashika kasi, na kila nilichokuwa nakijua mahali tambarare hapo hakikufaa kitu. Chini kabisa niliiona barabara kubwa na lori zikipita.

Nikapiga kelele waachilie kamba. Wanne wakaachilia, wakakaa kitako kwenye nyasi kama nilivyowafundisha. Mimi nikajirusha kwenye ua wa kayaba, miiba ile unaijua, kwa kuwa miiba ni afadhali kuliko lori. Nilipogeuza kichwa nikamwona Chebet. Hakuwa ameachilia. Kamba niliyokuwa bado nimeishika ilimvuta mpaka ukingoni, akaangukia jiwe kwa kidevu.

Nilimbeba mpaka hospitali peku, damu yake kifuani pangu. Akashonwa nyuzi tano, hakulia sana. Nilimwuliza kwa nini hakuachilia nilipowaambia. Akanitazama kana kwamba swali langu ni la kijinga.

"Nilikuwa nakushika ndio usianguke, Ticha."

Nimezaa, nimezika, nimeugua, lakini sijui kama nimewahi kusikia neno lililonipiga hivyo. Mtoto wa miaka minane alitaka kunizuia mimi, mwenye miaka ishirini na miwili na kiatu kilichojaa karatasi.

Mama Chebet hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alinisikiliza nikisema yote, hata habari ya gazeti, akasema mtoto atapona, kisha akarudi kupanga viazi vyake. Nilienda nyumbani nikaamua kwamba sitateleza tena maishani, na kwamba Achieng au mwingine yeyote awaongoze wale watoto.

Mzee Jaswant aliniita gereji keshoye. Nilijua kwamba habari zimemfikia, nikajiandaa kusemwa. Nilimkuta ameketi kwenye kibao, na mbele yake ile jozi ya kijivu, imesafishwa, beringi mpya, mpira wa breki mpya. Akanionyesha kiti.

"Nilinunua hii juu ya mguu yako," akasema. "Sasa kaa. Leo tunanunua na mguu, macho ingoje nje."

Akanipa soksi nene ya kutelezea, siyo nyembamba niliyokuja nayo. Akaniambia nipige kisigino chini mara tatu ndipo nifunge. Nikisimama wima, vidole viguse mbele kwa mbali. Nikikunja magoti, virudi nyuma. Akanishikia kiatu chini nijaribu kuinua kisigino. Hakikuinuka. Akanieleza kwamba shavu la mguu wa mwanamke huanza chini kuliko la mwanaume, ndiyo sababu shingo ya kiatu kile imekatwa chini: ikipanda itakubana na kukusukuma nyuma, nawe utaanguka huku ukidhani hujui. Ulaini wake, akasema, si aibu. Kiatu kigumu hutii mwenye nguvu, na mwenye nguvu za katikati humburuta tu. Wala hakutaka nichukue vile vya plastiki vya wanaoanza. Alitaka kiatu cha pale nilipokuwa, chenye nafasi ya kuongeza hatua moja.

Nikamwuliza amejuaje habari za miguu ya wanawake. Akapangusa mikono muda mrefu. Akaniambia kwamba marehemu mkewe naye alicheza hoki ujanani, na viatu alivyochezea vilikuwa vya kaka yake. Alilalamika kwamba vinamuumiza. "Mimi ndio nilimwambia zitakaa tu, aendelee," akasema. "Alipoteza kucha tatu. Hakunilaumu hata siku moja."

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu, kwamba mzee yule hakunikemea kwa sababu alikuwa na akili kuliko mimi. Alinikemea kwa sababu aliwahi kukosea, na hakutaka kosa lake lipate mrithi. Nilimheshimu tangu saa ile mpaka tulipomsindikiza kwenye safari yake ya mwisho.

Nilifanya mazoezi wiki mbili na nusu, breki kwanza, mteremko baadaye. Achieng mwenyewe alikuja kunifundisha, akaniambia huku akicheka kwamba yeye alikaa na viatu vya breki miaka mitatu. Miaka mitatu! Sikuwahi kumwuliza.

Bado nilikuwa sijakubali kuwaongoza. Asubuhi ya Jamhuri nilifika uwanjani kuwasaidia tu kufunga kamba za viatu, na mama mtu akaja amemshika Chebet mkono, kovu jekundu kidevuni. Mtoto akainama, akavikagua viatu vyangu pande zote kama mnunuzi.

"Hizi ziko na breki?"

"Ziko."

"Basi twende."

Nilimtazama mama yake. Akaashiria langoni kwa kichwa, yaani nendeni. Tukaingia. Tuliteremka polepole kuliko msafara mwingine wowote, mpira wa breki yangu ukikwaruza chini njia nzima, na wapo waliotucheka jukwaani. Nyuma yangu kamba ilikuwa imekazwa sawasawa, watoto watano wa nyumba tano, hakuna aliyevutwa na hakuna aliyeachilia. Mzee Jaswant alikuwa amesimama ukutani. Hakupiga makofi. Aliinua kidole gumba kidogo tu, akarudi kwenye pampu zake.

Mwezi uliofuata mji wetu uliingia kwenye moto wa baada ya uchaguzi, ule unaousoma siku hizi vitabuni. Mzee alilifungua lango la gereji yake, na familia za mitaa mbalimbali zikajihifadhi humo siku kadhaa. Mama Chebet alihama na watoto wake, na yule binti sijamwona tena. Kwa hiyo kila nikikumbuka kamba ile huwa nashukuru kwamba mara ya mwisho kuishika niliishika vizuri.

Nasema haya kwa sababu nimesikia kwamba sasa umejua kugeuka na kusimama, na unatafuta viatu vyako mwenyewe. Nenda alasiri, mguu ukishavimba kwa kutembea. Nenda na soksi yako. Pima kisigino, pima shavu la mguu, kunja magoti mbele ya muuzaji hata akikucheka. Na muuzaji akigusa gazeti, ondoka. Mimi nawajua watu hao. Usione haya kusema kwamba wewe ni wa katikati. Anayeanza hulindwa na woga wake, aliyebobea hulindwa na ujuzi wake, lakini wa katikati hana wa kumlinda ila ukweli anaojiambia. Ukimwiga tembo utapasuka msamba, na mara nyingi hutapasuka peke yako, kwa maana nyuma yako daima kuna mtu ameshika kamba, na anayekuamini zaidi ndiye atakayekuwa wa mwisho kuiachilia.

Na haya si ya viatu tu. Utayakuta kwenye kazi, kwenye ndoa, kwenye vyeo.

Nenda, mwanangu, na radhi zangu. Mungu akupe kiatu kinachokutosha, akupe breki kabla ya mteremko, na siku utakayojidanganya akuletee mzee wa kulitoa gazeti mapema, hata kama atakutia haya mbele za watu.