Kikao Kilichoahirishwa kwa Heshima ya Mama Jumanne

Ukimuuliza fundi cherehani habari za dada yake, jambo la kwanza atakalokwambia ni kwamba alimharibia harusi. Harusi iliangukia Jumanne, na siku ya Jumanne dada mtu hakuwa na ndugu wala jamaa. Alikuwa barazani, pamoja na wajane walionyang'anywa vyumba na wazee waliofukuzwa na watoto wao wa kuzaa. Alitokea masufuria yanaoshwa, akamkumbatia mdogo wake, bibi harusi mwenyewe, kisha akamuuliza kama kuna pa kumlaza mtu mmoja kwa siku mbili tatu. Huyo mtu alikuwa amekuja naye, yuko mlangoni na kifurushi chake.

Ndivyo alivyokuwa tangu ujana. Kabla yake, baraza la usuluhishi la mtaa lilikaa pale tu mwenyekiti alipojisikia. Watu walitoka mbali, wakakuta kufuli, wakarudi walivyokuja. Yeye alikuwa afisa ustawi wa jamii, mgeni kazini, na mdomo wake haukuwa na breki. Siku moja alipokuta kufuli tena, aliwakusanya walalamikaji wote, na watoto wao, na babu mmoja wa magongo, akawapeleka hadi sebuleni kwa mwenyekiti. "Ofisi imefungwa, kwa hiyo tutamsubiri hapa," alimwambia mke wa mwenyekiti, akaomba maji ya kunywa ya watu wote. Yule mama alimaliza maji, akamaliza na subira, na mumewe aliporudi hakupata pa kukaa wala pa kujificha.

Jumanne iliyofuata ofisi ilifunguliwa kabla ya duka la mkate. Tangu hapo haikupita Jumanne bila kikao. Hata upepo ulipoezua paa, walikaa vivyo hivyo jua likiwapiga utosini. Watu wakamwita Mama Jumanne, na wageni walikuwa wakimuuliza huyo mwanawe Jumanne anasoma shule gani. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na watoto wa watu, na aliwalaza kwa mdogo wake.

"Hii ni nyumba au stendi?" fundi alikuwa akimuuliza.

"Ni nyumba, mdogo wangu. Ndiyo maana nawaleta."

Ugomvi na mtu wa namna hiyo hauna hata ladha.

Wageni wa mwisho aliowaleta walikuwa dobi mmoja mjane na wanawe wawili. Mumewe alipozikwa tu, shemeji mtu alitia kufuli kwenye chumba walichokijenga yeye na marehemu. Ndani mlibaki sare za watoto, magodoro, na pasi ya mkaa, ambayo kwa dobi ndiyo kazi yenyewe. Shemeji aliitwa barazani, akaugua. Akaitwa tena, akasafiri. Mama Jumanne aliwatandikia wageni wake kati ya cherehani na kabati, akaapa kwamba Jumanne ijayo bwana huyo atapatikana, awe mgonjwa awe msafiri. Hakuifikia hiyo Jumanne. Moyo wake ulisimama akiwa njiani kumfuata, wakamzika wiki hiyo hiyo.

Matanga hayajaisha vizuri, habari zikaja kwamba shemeji amepata mpangaji, anahamia Jumatano. Kwa hiyo Jumanne asubuhi fundi alimshika dobi mkono wakaenda barazani. Alijua siku hiyo kuna kumbukumbu ya dada yake, na ameombwa aseme maneno mawili matatu. Alidhani itakuwa baada ya kikao, kama akili ya kawaida inavyotaka.

"Leo hakuna kikao, mama," mlinzi alimwambia kwa sauti ya msibani. "Baraza limeahirishwa kwa heshima ya Mama Jumanne. Shughuli ni pale ukumbini."

Fundi alilitazama kufuli lililoning'inia mlangoni, akamtazama mlinzi, akalitazama kufuli tena. Dada yake alimaliza maisha yake akipigana ili mlango ule usifungwe Jumanne. Nao waliposhikwa na uchungu wa kumpoteza, jambo la kwanza walilofikiri linamfaa ni kuufunga, tena Jumanne! Alitaka kupiga kelele, lakini mlinzi hakuwa na kosa. Akamshika dobi mkono tena, wakaelekea ukumbini.

Ukumbini viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe, na picha ya dada ilizungukwa na maua ya plastiki, yeye ambaye alikuwa hawezi kuona ua la plastiki bila kusonya. Wajumbe wote wa baraza walikaa mbele ndani ya suti zao. Mshereheshaji alisema marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, asiyeinua sauti. Fundi nusura acheke. Mpole! Mtu aliyemfokea mkuu wa polisi mpaka mkuu akawa anatafuta kofia iliyo kichwani mwake! Mwenyekiti akasema marehemu alikuwa taa. Mjumbe mwingine akasema alikuwa nguzo. Kati ya taa na nguzo, hakuna aliyetaja hata kesi moja.

Dobi akaja kwa kunyemelea, akamwinamia sikioni. "Dada fundi, shemeji yupo. Yule pale, karibu na masufuria."

Kweli. Wito wa baraza ulimkosa nyumbani kila ulipokwenda, lakini harufu ya chakula cha bure ilimpata mara moja. Sahani tayari ilikuwa mkononi.

Fundi alipoitwa kuzungumza, alikishika kipaza sauti kama mtu aliyekamata kuku aliyemsumbua asubuhi nzima.

"Dada yangu hakuwa mpole," alianza. "Alikuwa msumbufu. Mimi amenisumbua mpaka leo sijapumzika." Watu wakacheka. "Leo ni Jumanne. Mheshimiwa mwenyekiti, wajumbe wako wametimia?"

"Wametimia, mama," mwenyekiti alijibu akitabasamu. "Wote wamekuja kumuenzi."

"Vizuri. Mlalamikaji ni huyu hapa. Na mlalamikiwa ni yule mwenye sahani."

Shingo zote ziligeuka. Shemeji alitafuta pa kuiweka sahani, hakupaona.

"Mama, hapa si mahali pake," mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini. "Hii ni shughuli ya heshima. Wiki ijayo tuta..."

"Wiki ijayo chumba kitakuwa na mtu mwingine! Nyinyi mnasema taa, mnasema nguzo, na watoto wa huyu wanalala chini ya cherehani yangu! Sawa, msisikilize. Tutakusubiri nyumbani kwako, mheshimiwa. Mwambie mama watoto achote maji."

Mwenyekiti huyu alikuwa ameisikia habari ya sebule ya mwenzake wa zamani. Alikohoa, akajifuta uso, akamwita shemeji mbele. Chumba ni cha nani? Shemeji akasema ni cha ukoo. Alipobanwa akasema marehemu kaka alimwachia akiangalie. Hapo dobi, ambaye tangu mazishi alikuwa akiongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, akasimama.

"Shemeji, matofali tulifyatua mimi na kaka yako. Wewe ulikuja siku ya kuezeka, tena ulikuja kula."

Ukumbi uliangua kicheko. Wajumbe waliinamiana kidogo tu, kisha wakatamka: kufuli litoke leo, na mpangaji asitie mguu. Shemeji akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

Dobi aliunyakua, akatoka mbio na wanawe. Hakuaga, hakushukuru, hata chakula hakungoja. Mshereheshaji alisonya. Fundi wala hakuudhika, aliona raha mpaka miguuni. Alitamani amsimulie mtu yote: ufunguo, sahani, uso wa shemeji. Na mtu wa kusimuliwa mambo hayo duniani alikuwa mmoja tu, na ndiye waliyekuja kumkumbuka.

Makaburini hakulia. Alilia pale, mbele ya watu wote, kwa hasira.

"Umenichosha, dada," alisema, na kipaza sauti kikayapeleka maneno yale mpaka nje kwa wapishi.