Mnyaa Mrefu wa Mama Abeli

Pale Ihumwa, ukivuka reli na kuviacha nyuma viwanja vipya, nyumba ya Mama Abeli ulikuwa ukiitambua kabla hujaifikia, kwa sababu ya mnyaa mmoja. Boma lote lilizungushiwa minyaa, mmea ule usio na majani ya kusema, vijiti vya kijani tu vilivyoshonana, vyenye utomvu mweupe kama maziwa. Ua ulikatwa vizuri, ukaenda sawasawa kimo cha kifua. Ila kwenye kona ya mashariki mnyaa mmoja uliachwa ukue utakavyo, hata ukalipita bati la nyumba.

Watu walimtania sana. "Mama Abeli, huo mmoja umekushinda?"

"Umenishinda," alijibu. "Ngazi sina."

Wakacheka, wakapita, naye akarudi kwenye kazi yake. Jina lake hasa ni Loisi, lakini tangu Abeli azaliwe hakuna aliyemwita hivyo, isipokuwa mchungaji. Kwao mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na Abeli ndiye aliyejulikana kuwa wa kwanza.

Minyaa alifundishwa na mama mkwe wake, Bibi Paulina, mwanamke mkavu wa maneno, mwaka ule alipoolewa na Yotham. Bibi Paulina alimwonyesha namna ya kukata kijiti chenye urefu wa mkono, kukilaza kivulini siku kadhaa hadi utomvu ukauke na jeraha lifunge, ndipo kikachomekwe ardhini. Ukikipanda kingali kinavuja, kitaoza. Ukikimwagilia kwa huruma nyingi, kitaoza pia. Mnyaa hautaki kubembelezwa, alisema Bibi Paulina, unataka uachwe upate akili zake. Na ukiukata, upe upepo kisogo, vuta kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi, na mkono wako usiujue uso wako mpaka umenawa mara mbili, maana utomvu huo hupofusha.

Loisi alishika yote. Mwaka wa njaa, mtama uliponyaukia shambani na mbuzi wakabaki mbavu, ua wake peke yake ndio uliokuwa kijani kijiji kizima. Wageni waliohamia mjini walikuja kuomba vijiti vya kupanda, akawapa bure na maelekezo juu. Kazi ya kukata aliifanya peke yake. Watoto aliwafukuza wasisogee, hata Abeli hakuruhusiwa kushika panga karibu na ua. Basi kijana akakulia ndani ya minyaa bila kuijua.

Ule mrefu hakuwahi kuutia panga. Sababu aliijua yeye, na Bibi Paulina aliyekwisha kufa, na Yotham, naye amekwisha kufa. Chini yake alilala mtoto wa kiume.

Alikuwa mtoto wake wa kwanza kabisa. Aliishi muda mfupi, hakuota jino, homa ikamchukua. Katika ukoo wa Yotham mtoto wa namna hiyo walimzika wanawake peke yao, karibu na nyumba, bila msalaba na bila kilio cha kusikika kwa jirani. Bibi Paulina alichomeka kijiti cha mnyaa kichwani pake, akasema, "Huu haukatwi. Na atakayefuata asiambiwe. Akijua yuko aliyemtangulia, atamfuata." Loisi alikuwa msichana tu, maziwa yakimchuruzika kifuani na hayana wa kuyanyonya. Alimeza kilio chake. Hata jina mtoto hakupewa, ila usiku ule Loisi alimpa moyoni, Jordan, na hakulitamka mbele ya mtu.

Ndipo akaja Abeli. Kila mtu alipoita "Mama Abeli", alifurahi na akaumia, vyote kwa pamoja, miaka nenda rudi. Mchungaji alihubiri mara nyingi dhidi ya imani za namna ile, naye Loisi aliitikia amina pamoja na wenzake. Lakini mtoto ni mtoto. Nani angejaribu neno la Bibi Paulina kwa uhai wa Abeli?

Abeli alikua, akafungua karakana Kizota, anachomelea mageti. Mageti yake yana maua na vichwa vya simba, yamejaa Dodoma nzima. Marafiki walimsema: unawatengenezea watu mageti, kwa mama yako mlango ni tawi la mgunga! Neno hilo lilimchoma. Halafu majirani wapya wakalalamika kwamba ua unaficha nyoka na utomvu wake utawapofusha watoto. Mwisho akaja na lori la matofali.

"Mama, safari hii usinikatalie. Nakujengea ukuta na geti la heshima."

Loisi aliutazama ua wake kwa muda. Alikuwa amezeeka, na mwanawe alikuwa amekuja na moyo mweupe. "Jenga, baba. Lakini ule mrefu uache."

"Sawa, mama," alisema Abeli huku akihesabu matofali, sawa ile ya mtu ambaye hajasikia vizuri.

Siku kazi ilipofika kona ya mashariki, Loisi alikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama. Fundi Joel alivuta kamba ya msingi, kamba ikapita katikati ya mnyaa mrefu. Abeli akaona mama yake anaupendea kivuli tu. Akamwambia fundi, tutampandia mwarobaini mzuri zaidi, akachukua panga mwenyewe. Alisimama kaelekea mashariki, ambako upepo wa Dodoma hutokea. Loisi alitokeza njiani wakati tawi la kwanza kubwa linaanguka.

Utomvu ulimrukia Abeli usoni. Naye akafanya kosa ambalo mama yake hakuwahi kumfundisha kulikwepa: akajipangusa macho kwa kiganja kilicholowa utomvu uleule. Akapiga ukelele, akaanguka magoti.

Loisi alikimbia. Alifika kwenye mnyaa kwanza. Alilikumbatia shina lake kwa mikono miwili, maziwa yakimchuruzikia begani, akisema, "Basi, basi, basi." Ni kitambo kifupi tu, kisha akili ikamrudia, akamgeukia mwanawe. Alimlaza chali, akamfungua kope kwa vidole alivyokwisha kuviosha, akammiminia maji ndoo baada ya ndoo, huku Joel akienda mbio kutafuta bodaboda.

"Mama, sioni."

"Nyamaza. Fungua jicho."

Kwenye zahanati waliendelea kumwosha, wakamtia dawa, wakamfunga macho yote mawili na kumwambia arudi baada ya siku chache, wasiahidi kitu. Hilda, mkewe, alitaka wamrudishe Kizota, lakini Abeli akasema atakaa kwa mama, naye Hilda akabaki nao.

Siku hizo zilikuwa nzito katika nyumba ile. Loisi alimlisha ugali na mlenda kwa mkono wake, kama zamani. Nje kazi ilisimama. Ua ulikuwa umeng'olewa pande tatu, upepo unaingia utakavyo, na kwenye kona ya mashariki ule mnyaa umesimama na kidonda chake. Loisi hakuutazama. Alikuwa na hofu moja: labda neno la Bibi Paulina lilikuwa kweli, na yule aliyelala pale ameanza kumvuta mwenzake, akianzia na macho.

Mchana mmoja, Hilda akiwa kisimani, Abeli alisema, "Mama, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Siku ile nilipiga kelele. Nilikuwa bado naona kidogo, kwa ukungu. Ulikwenda kwenye mti kwanza."

Loisi alilirudisha tonge bakulini.

"Sikasiriki," alisema Abeli, lakini sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nataka kujua tu. Mti una nini ambacho mimi sina?"

Swali lile lilimkata maini. Aliketi na bakuli mapajani, akapima. Akisema, huenda akampoteza, kama alivyoonywa. Asiposema, mwanawe ataishi, awe anaona au haoni, akiamini kwamba siku ya shida mama yake alimwacha chini akaenda kukumbatia mti. Alimtazama mtu mzima yule, mwenye ndevu, macho yamefungwa kwa kitambaa cheupe, uso umeelekezwa mahali ambapo yeye hayupo. Akaona hilo la pili ni kifo pia.

"Wewe si wa kwanza, Abeli," alisema.

Akamweleza yote. Alimweleza homa, wanawake, shimo dogo, maziwa kifuani, kijiti na onyo. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alilia kwa sauti. Hakujali jirani. Alilia kilio kilichokaa ndani yake tangu ujana, na kuku waliokuwa uani wakakimbia.

Abeli alipapasa hewani hadi akaupata mkono wake.

"Aliitwa nani?"

"Hakupewa jina. Mimi nilimwita Jordan. Wewe ndiye wa kwanza kulisikia."

Abeli alilirudia jina hilo taratibu. Kisha akasema, "Na mimi nimemkata."

"Umekata tawi. Shina lipo. Sasa nyamaza, usije ukalowesha bandeji."

Siku ya kufunguliwa, Loisi hakuingia ndani ya zahanati. Alikaa kwenye benchi la nje, mikono ameibana magotini, na kama aliomba, hakujua alikuwa akimwomba Mungu au Bibi Paulina. Alimwona Hilda akitoka kwanza, kisha Abeli nyuma yake, macho mekundu, akisitasita kwenye mwanga. Abeli alisimama mbele yake.

"Mama, umevaa kanga ya njano," alisema. "Pindo limechanika."

Loisi alilishika lile pindo, akalikunja kiganjani.

Kazi ya ukuta ilianza tena juma lililofuata. Abeli alimwambia Joel apindishe msingi pale kwenye kona, uuzunguke mnyaa kwa nje na kuuacha ndani ya boma. Joel alikuna kichwa. Ukuta utaonekana umelewa, alisema, na watu watamcheka yeye fundi.

"Wacheke," alisema Abeli.

Lile tawi lililoanguka Loisi alilikata vijiti, akavilaza kivulini. Safari hii alimwita mwanawe, akamfunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi, akamwonyesha upepo unakotoka. Vijiti vilipokauka vidonda walivichomeka pamoja kuzunguka shina, wawili wamepiga magoti, hawakumwagia maji. Geti lilikuja kutoka Kizota likiwa juu ya pikapu, lina simba wawili, naye Loisi alisema simba mmoja angetosha, lakini alilipenda.

Siku Joel alipomaliza, alikuja kuaga kwa adabu. Alisimama mbele ya Loisi, ambaye alikuwa akifagia chini ya ule mnyaa, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mama Abeli. Sisi tunaondoka."

Loisi hakupata nafasi ya kuitikia. Abeli, aliyekuwa akifunga vyuma kwenye pikapu, alitangulia kusema bila kugeuka.

"Mama Jordan," alisema. "Mwite Mama Jordan. Mimi ni wa pili."

Joel alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, asielewe. Lakini alikuwa kijana mwenye heshima zake, akaanza upya.

"Shikamoo, Mama Jordan."

Loisi aliuegemeza ufagio kwenye shina.

"Marahaba, mwanangu," alisema.