Maili Tatu za Daktari

Daktari aliyeniambia nitembee hakuwa akitembea yeye mwenyewe. Tumbo lake lilitangulia kuingia chumbani, na kila asubuhi gari la serikali lilimchukua nyumbani hadi hospitali, safari ambayo hata kuku angeimaliza kwa miguu. Alinipima presha, akaguna, akanipima tena. Kisha akasema nisipotembea maili tatu kila siku, Krismasi nisiitarajie. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Nilimchukia papo hapo.

Hii ilikuwa Garissa, na vita vya mashifta, Wasomali waliopigana kujitenga na Kenya, vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika ofisi ya barabara, mtu wa milimani niliyepelekwa huko bila kuulizwa. Barabara zenyewe hazikuwa zikitengenezwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuzifikia bila askari wa kumlinda. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti siku nzima nikilinda makoleo yasiyotumika, nikatoka jasho, nikanenepa. Nilimsihi daktari asiandike chochote kuhusu moyo wangu. Karani mgonjwa alirudishwa kwao kwa barua ya mistari mitatu, na kwetu nilikuwa na watoto watano na kipande cha shamba ambacho ukitema mate mwisho huu yanaangukia mwisho wa pili.

Nilianza kutembea ndani ya ua wa nyumba za serikali. Siku mbili zilinitosha. Wenzangu walikaa vibarazani na vikombe vya chai wakiniangalia nikizunguka, na mmoja wao akawa ananiuliza kila nikipita kama bado sijakiona nilichopoteza. Siku ya tatu nilipenya kwenye tundu la ua nyuma ya vyoo, saa kumi na mbili asubuhi, mara tu amri ya kutotoka nje ilipokwisha. Ilikuwa marufuku kwa mfanyakazi wa serikali kupita uwanja wa ndege bila askari. Niliupita.

Njia yangu ilikuwa moja. Nilizunguka uwanja wa ndege kwa nje, nikapumzika chini ya mgunga mmoja hadi kifua kitulie, nikashuka hadi kwenye mto mkavu, nikaufuata mchanga wake, kisha nikarudi mjini nikipitia upande wa machinjioni. Viatu vyangu vya ofisini vilipasuka wiki ya kwanza na miiba ikanila nyayo. Nikanunua akala za tairi sokoni, zile zile wanazovaa wachungaji, na nikazichukia nazo, maana kamba ya kushoto ilinichuna nikawa nauburuta mguu huo.

Wenyeji hawakunipenda, nami sikuwapenda. Waliniona nikija asubuhi, mnene, nikihema, mikono mitupu, nao walisimama kunitazama mpaka nipotee. Kwao kutembea kulikuwa kazi. Walitembea kufuata maji, kufuata majani, na siku hizo kuwakimbia askari. Mtu aliyetembea ili arudi pale pale alipotoka hawakuwahi kumwona. Mzee mmoja alinisimamisha kwa fimbo yake, akaiweka kifuani pangu hasa.

"Waryaa, wewe nakwenda wapi?"

"Siendi popote."

"Jana nabita hapa. Juzi nabita hapa. Nakwenda wapi?"

"Nimekwambia siendi popote. Natembea tu."

Alitema mate pembeni ya mguu wangu, akaondoka. Baada ya hapo watoto walinirushia mawe kwa siku kadhaa, na hakuna mtu mzima aliyewakataza.

Mtu pekee aliyesema nami alikuwa mwanamke mmoja mjane, mwenye boma la miiba kwenye ukingo wa ule mto mkavu. Alikuwa na ngamia tisa wakubwa na ndama mmoja, na maziwa yao ndiyo yaliyokuwa yakimlisha yeye na mama mkwe wake kipofu. Nilisimama kwake kila asubuhi nikanywa maziwa, nikamlipa, nikaenda zangu. Hata yeye hakuwa na upole wowote. Nilipomweleza habari za daktari alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Sisi nataka kuketi, nachoka na kutembea," alisema. "Wewe Mungu nakuba kiti, nakuja huku kutafuta kuchoka!"

Hivyo ndivyo ilivyokwenda miezi minne. Nilikonda. Suruali ikanilegea, pumzi ikarudi, na sikumshukuru mtu.

Kisha, Jumanne moja, nilipokwisha kupita kwake, askari waliwachukua ngamia wake wote tisa.

Habari niliipata ofisini siku hiyo hiyo, kutoka kwa mkuu wa kikosi cha askari mwenyewe. Alikuwa mtu wa kwetu, tuliongea lugha moja, na alipenda kuja kuketi mezani kwangu kujisifu. Alisema wamegundua kitu. Shifta mmoja alikuwa akiuzunguka mji kila siku akiupeleleza uwanja wa ndege. Nyayo zake zilionekana wazi, akala za tairi. Alikuwa na mahali pake pa kukaa chini ya mti, akiangalia ndege zinavyotua, na kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mwanamke mmoja mwenye ngamia, akalishwa.

"Tutawafundisha kulisha mashifta," alisema. "Ngamia watakuwa kitoweo cha kikosi. Mmoja kila asubuhi, kuanzia kesho."

Nilijua ni nyayo zangu. Nilimwambia ni kazi nzuri. Ndiyo, hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Alasiri ya Jumanne hiyo hiyo mtu alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa Msomali mwembamba aliyeajiriwa na polisi kusoma nyayo. Akionyeshwa alama ardhini, aliweza kukwambia nani amepita na lini. Hakuketi. Aliangalia akala zangu pale mlangoni, kisha akaniangalia mimi.

"Bwana karani, mguu ni yako."

Nilichungulia nje kuona kama kuna aliyemsikia.

"Mimi namwambia mkubwa. Hii si shifta, hii ni mtu mnene, mguu ya kushoto nafuta, nasimama-simama kuhema. Yeye nasema, basi ni shifta mgonjwa. Mimi nasema, hii ni karani. Yeye nanibiga kofi, nasema mimi naficha ndugu yangu." Alionyesha shavu lake. "Maneno yangu hataki. Yako atasikia. Enda sema."

"Nitakwenda," nikasema.

"Leo."

"Nimesema nitakwenda."

Alipoondoka nilifunga mlango, nikaketi kitandani, nikaanza kumkasirikia. Nani alimtuma? Nilimkasirikia daktari na tumbo lake. Nilimkasirikia yule mwanamke kwa kujenga boma mahali pale, kana kwamba mto mkavu ulikuwa wangu. Nilijua fika kitakachonipata nikisema. Ningeulizwa nilitafuta nini nje ya mipaka, nami ningelazimika kuutaja moyo wangu, na moyo wangu ungenipeleka nyumbani. Hiyo ikiwa wataniamini. Wasiponiamini, karani aliyevaa akala na kukaa chini ya mti akiangalia ndege alikuwa na mahali pengine pa kupelekwa. Nikajiambia labda watawarudisha ngamia wenyewe. Nikajiambia ni wanyama tu. Usiku nililala vizuri, na hilo nalisema kwa sababu ningependa kudanganya.

Jumatano sikutembea. Alhamisi sikutembea. Zile akala nilizisukumia chini ya kitanda kwa mguu, nikawa naingia ofisini mapema kuliko wote na kutoka wa mwisho. Harufu ya nyama ilikuja na upepo kutoka kambini, nami nikafunga dirisha la stoo kwenye joto lile, nikaketi ndani.

Ijumaa asubuhi mkuu wa kikosi alikuja tena mezani kwangu, amefurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Unaona dawa ilivyofanya kazi?" alisema. "Tangu tuchukue wale ngamia, hakuna hata unyayo mmoja. Siku tatu! Shifta amekatika kabisa. Jumatatu tunawachukua wa maboma yote ya pale mtoni. Ni lugha hiyo tu wanayoielewa."

Nilimwangalia. Nilikuwa nimeketi nyumbani ili mambo yatulie, na kuketi kwangu ndiko kulikokuwa ushahidi wake. Nikiendelea kukaa hivyo, kila mwenye ngamia ukingoni mwa mto ule angenyang'anywa kwa sababu yangu, na mpumbavu huyu angepandishwa cheo.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Zile nyayo. Ni zangu. Daktari aliniambia nitembee."

Alicheka. Nilirudia. Akaacha kucheka, akaniambia kwa lugha yetu nisimfanyie mzaha kwenye mambo ya vita. Basi nilikwenda nyumbani mbio, nikachutama kuzitoa akala chini ya kitanda, nikazivaa, nikarudi hadi mbele ya kambi ambako vumbi lilikuwa jingi. Yule msoma nyayo aliitwa. Nikatembea mbele yao, karani mzima wa serikali, nikienda na kurudi juani, askari wakitoka mahemani kutazama. Walicheka sana. Msoma nyayo hakucheka. Aliinama, akaonyesha kwa kijiti mahali kisigino cha kushoto kilipofuta mchanga, akasimama kando na kumwachia mkubwa nafasi ya kuangalia.

Mkubwa aliinama akaangalia. Kisha alinitukana, mimi, mama yangu na hospitali. Aliniambia barua itaandikwa, na kweli iliandikwa. Mwezi haukuisha kabla sijapanda lori la kurudi kwetu. Mwisho akasema ngamia waliobaki wafunguliwe, na mwenye ngamia aje awachukue kabla yeye mkubwa hajabadili nia.

"Nani atamwambia?" nikauliza.

"Wewe si unapenda kutembea?"

Nilikwenda peke yangu. Nilipita uwanja wa ndege, nikaupita ule mgunga, nikashuka mtoni. Nilifika bila kusimama hata mara moja, kifua changu kimetulia kama cha kijana, na jambo hilo lilinitia uchungu kuliko matusi yote ya kambini.

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye mlango wa boma. Ndani mlisimama yule ndama, ambaye askari walimwacha kwa sababu siku ile alikuwa amefungwa bomani wakati mama yake na wengine wako malishoni. Alikuwa akinusa miiba ya ua. Mama mkwe alilala kivulini, uso ameufunika. Hakuna aliyenisalimu.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba nyayo zilikuwa zangu, kwamba nimesema kwa mkubwa, kwamba sita waliobaki wanamngoja, aende haraka. Nilimwambia pole. Nilisema kwa kasi, kama mtu anayetaka kumaliza dawa chungu.

Alisikiliza hadi mwisho. Nilidhani angenirukia, na wallahi ningemwacha anipige. Lakini aliniuliza kitu kimoja tu.

"Wewe najua lini?"

Ningeweza kusema leo. Hakukuwa na mtu wa kunisuta.

"Jumanne," nikasema.

Aliinuka taratibu, akafunga shuka kiunoni tayari kwa safari ya mjini. Hakuniangalia mimi; alimwangalia ndama.

"Jumatano askari nachinja ile mweube, mimi nakwenda kambini naona kwa macho," alisema. "Alhamisi nachinja mama ya huyu. Leo nachinja ile mkubwa, ile marehemu naniachia." Alinipita, akasimama hatua chache mbele, mgongo ameuelekeza kwangu. "Jumanne wote alikuwa hai."