Maswali Matatu Yaliyokataa Kukaa na Wenzake

Saa tatu asubuhi, mjini Iași, Zamfira Bârlădeanu ameikodolea macho kompyuta na kahawa yake imepoa. Saa sita dodoso analolikagua linasambazwa kwenye zahanati kumi na nne. Kinachosubiriwa ni sahihi yake tu.

Zamfira (54) alikuwa mkunga kwa miaka ishirini, mpaka mgongo ulipomgomea. Sasa ni msaidizi wa takwimu, kwa mshahara wa lei elfu nne, fedha ya huku, kwa mwezi. Kazi yake ni uchambuzi wa vipengele: kompyuta inapitia majibu na kuonyesha maswali yanayokwenda pamoja. Yanayopima jambo moja hukaa kundi moja.

Dodoso hili lina maswali kumi na manane, ya kuwatambua akina mama walioshindwa kuwapenda watoto wao wachanga. Limejaribiwa kwa akina mama 412. Maswali kumi na tano yamekaa pamoja. Matatu yamejitenga, na yote yanahusu kumsifu mtoto.

"Wanaoyakosa ni wa vijijini," anamwambia mwandishi wa habari hizi, aliyeketi kando yake. "Kwingine kote wako sawa. Wanaanguka hapo tu."

Anayemnyima usingizi ni Ilinca, mama wa kijijini wa miaka ishirini na miwili, mmoja wa hao 412. Matatu hayo yamemtia kwenye orodha ya hatari. Dodoso likipita, maofisa wa ustawi wa watoto watamfuata wiki hii hii. Jana Zamfira alimpigia simu kumweleza.

"Nimsifu mwanangu mbele ya mgeni? Mama wee, unataka apigwe jicho la husuda?" Ilinca alimaka. "Ni mzuri mpaka naogopa kumtazama!"

Mlango unafunguliwa bila hodi. Ni Dakta Octav Ghinea, mkuu wa mradi.

"Mama Zamfira, sahihi."

"Siweki, Daktari. Haya matatu yanapima woga wa kijicho. Mapenzi hayamo."

"Mambo ya mabibi hayo! Wafadhili wako ukumbini. Usipotia sahihi, Ijumaa mkataba wako basi."

Zamfira anaisukuma kalamu kando. Kusema kweli, hata mwandishi wa habari hizi alitamani atie sahihi yaishe.

"Nijibu moja tu, Daktari. Binti yako ana miezi miwili sasa. Ni mzuri?"

Daktari anagonga ubao wa meza mara tatu, kama wafanyavyo watu wa huku kufukuza husuda. "Aa, wa kawaida tu. Tena kamekonda konda..."

Anakatiza. Anautazama mkono wake, ngumi ingali juu ya meza. Hakuna anayecheka.

"Yatoe hayo matatu," anasema mwishowe, sauti imeshuka. "Wafadhili nitawaambia wangoje mwezi."

Zamfira anapanga kuzunguka vijijini na maswali mapya, awaulize akina mama wengine mia mbili, kisha apime upya. Lakini kwanza anachukua simu.

"Ilinca? Hawaji, mwanangu. Jina lako limetoka."

Ilinca anaangua kilio.

"Asante, mama. Niko stendi ya basi, nimtoroshe kabla hawajamchukua. Mtoto mgongoni, nguo zake zote kwenye mfuko."