Karatasi ya Mwisho ya Mwana wa Kimondo

Najua utacheka. Wengine wamenicheka hapa hapa kibarazani, mbele ya cherehani yangu. Cheka, lakini ukimaliza nisikilize, maana haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, hapa Mlowo, saa kumi ya jioni, watu wakipita barabarani na mizigo yao. Sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja.

Mimi na kaka yangu Obedi tulikuwa wagonjwa wa gazeti moja la katuni. Shujaa wake aliitwa Mwana wa Kimondo. Unalijua lile jiwe la chuma la pale Marengi, lililoanguka kutoka angani? Basi mchoraji alisema ndani yake alizaliwa mtoto, akapewa kazi ya kulinda nyota zisizimike. Akiruka juu, jua linabaki dogo kama punje ya hindi. Hebu fikiria: sisi watoto wa wakulima wa kahawa wa Mbozi, mashujaa wote tunaowasikia wanatoka mbali, halafu huyu katoka kwenye jiwe ambalo sisi wenyewe tumelikalia! Baba alisema tungesoma Biblia kwa bidii ile tungekuwa wachungaji.

Obedi alisoma kwa sauti, mimi nikafunua kurasa. Yeye hakuruhusiwa kugusa, kwa sababu ndiye aliyemenya kahawa na mikono yake ilikuwa na ute muda wote. Tena tulikuwa na sheria moja, aliyoitunga yeye: karatasi ya mwisho haisomwi siku hiyo hiyo. Gazeti lilikuja mara moja tu kwa mwezi, kwa hiyo karatasi ile tuliibana kwa pini tukaisoma kesho yake, ili utamu usiishe upesi.

Kisha gazeti likafa. Toleo la mwisho lilimwacha Mwana wa Kimondo kwenye mdomo wa nyota iliyozimika, kamshika mkono dada yake, na ni mmoja tu anayeweza kurudi. Hapo hapo, basi! Tukakua. Mimi nikaolewa, nikaachika, nikajifunza kushona. Obedi akateremkia Kamsamba kulima mpunga. Kila akija, hata kabla ya kuuliza hali ya mama, utamsikia: "Mdogo wangu, mimi nasema hakumwachia." Na mimi nasema alimwachia. Tulibishana hivyo miaka kumi na moja, watu wazima wenye watoto. Utasema ni upuuzi. Lakini sisi tuliokua na Mwana wa Kimondo tulikuwa tumeuacha utoto wetu wote pale kwenye mdomo wa nyota, tunasubiri mtu aje autoe.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, nikiwa Tunduma kununua vitambaa, nikakiona kwa muuza magazeti: kitabu kinene, visa vyote vimekusanywa, na mwisho wake umo. Nilipiga kelele mpaka Mzambia mmoja akadhani nimeibiwa. Nikakinunua, nikaibana karatasi ya mwisho kwa pini papo hapo. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana Mlowo, lakini Kamsamba mtandao haukuwapo, kwa hiyo nikatuma salamu kwa dereva wa lori la mpunga. Mwambie Obedi aje, mwisho umepatikana.

Wiki ikapita. Jumatano, saa kumi, nainua macho kutoka kwenye cherehani, Obedi huyo kasimama kibarazani.

"Umepitia wapi wewe?" nikamuuliza, maana barabara ya kule ilikuwa tope tupu, na miguu yake ilikuwa mikavu.

"Nimepata lifti. Kitabu kiko wapi?"

Kaka yangu huyo, hata salamu hana! Nikamcheka. Nikamwekea chai, hakuigusa. Akaniambia macho yake yamechoka, nisome mimi. Nikaanza pale gazeti lilipotuachia, nikasoma kwa sauti na kufunua kurasa, na yeye hakugusa hata mmoja. Niambie, ningeshtukaje? Tangu utotoni hakuwahi kuugusa ukurasa wa Mwana wa Kimondo.

Tulicheka kama zamani, mpaka tukafika kwenye pini. Nikafunga kitabu.

"Leo tumalize," akasema.

"Sheria uliitunga wewe. Kesho."

"Hii moja tu, mdogo wangu. Nakuomba."

Nikadhani ananitania. Tena niliona raha kumnyima kidogo, baada ya miaka yote ile ya kunisumbua na ubishi wake. Ndiyo, raha. Nalisema hilo na moyo unaniuma.

Akasimama. "Haya. Siku ukiisoma, isome kwa sauti."

Nikainama kuokota mkasi ulioanguka. Nilipoinuka hakuwapo. Nikajua ametangulia kwa mama. Jioni mama akasema hajamwona.

Ijumaa lori la mpunga likaja, dereva akashuka kofia mkononi. Obedi alishikwa na homa, akafariki Jumanne usiku. Kwa joto la kule hawakuweza kungoja, wakamzika Jumatano, saa kumi ya jioni. Salamu zangu zilimfikia akiwa kitandani. Dereva akasema alicheka, akaahidi kuja akipata nafuu.

Nikamkimbilia Mama Neema, anayeuza nyanya mlango wa pili. Juzi ulimwona kaka yangu hapa kwangu? Akanishika bega.

"Mimi nilikuona wewe, mwenzangu. Unasoma kwa sauti, unacheka peke yako. Nikasema huyu kazi imemchosha."

Miaka imepita. Ile pini imeshika kutu na kuacha alama kwenye karatasi. Nilikipeleka kitabu mpaka kaburini Kamsamba, nikakaa pale na jua kali kichwani, mkono ukakataa kuitoa ile pini. Unaelewa kwa nini? Nikimsomea, atakuwa amepata alichokifuata, na hatakuwa na sababu ya kuja tena. Kwa hiyo kila Jumatano saa kumi nasimamisha cherehani, naweka chai, nasubiri. Haji. Na ninachokifanya nakijua vizuri. Nilimnyima akiwa mbele yangu, na sasa namnyima akiwa udongoni.

Wewe unayenisikiliza, mtu wako akikuomba umfunulie karatasi moja tu, mfunulie. Usimtajie sheria, wala usimwambie kesho, hata kama unaona anakutania. Mimi mpaka leo sijui kama Mwana wa Kimondo alimwachia dada yake au hakumwachia. Kaka yangu alitoka Kamsamba siku ya kuzikwa kwake akaja kunitafuta, na aliyemwachia mwenzake ni mimi.