Kaka Alipita Juu Yetu

Nikiikumbuka nyumba yetu ya Bagamoyo, kwanza huiona ile barua ya kaka, imekunjwa mara nne chini ya mto wa bibi. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa ndege, aliandika, ni mwendo wa saa moja tu. Shamba la mkonge alikofanya kazi lilimpa ruhusa ya siku mbili, asingeweza kuja kwa njia nyingine. Baba alikwishafariki, hivyo kaka ndiye aliyekuwa walii wa kumwozesha dada yetu, na ndoa ilipangwa baada ya alasiri.

Sisi tulizoea kupima safari kwa mahali pa kulala. Saa moja! "Hata kunde haziivi," bibi alisema.

Asubuhi ile ya masika tulikuwa uani tunachambua mchele, tukasikia ngurumo isiyo ya mvua. Ndege ikatokea upande wa Saadani, ikifuata pwani chini ya mawingu. Shangazi akavua kanga ya kichwani akaipunga.

"Huyo! Keshafika!"

Tukapiga vigelegele, bibi akaamuru pilau itelekwe. Hakuna aliyefikiri kwamba kaka alikuwa anatupita kwenda kushuka Dar, na kwamba kutoka huko kuja kwetu kulikuwa na maili arobaini na ushei za matope.

Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Pilau ikapoa. Wakwe, waliotoka Mlingotini kwa miguu, wakaanza kukohoa barazani.

"Bwana huyo bado yuko mawinguni?" mmoja akauliza. "Basi atudondoshee salamu."

Baba mdogo akasema yeye naye ni damu, ataozesha. Shahidi akatumwa kumwuliza dada idhini.

Nilikuwa nimekaa naye chumbani. Kwetu mwari hajibu. Hutulia chini ya kanga, na kimya chake ndiyo ridhaa.

"Mwanangu," shahidi akasema mlangoni, "umeridhia baba yako mdogo akuozeshe?"

Somo, mama aliyemfunda dada, akambana goti anyamaze.

"Hapana," dada akasema. "Kaka ndiye aliyenilea. Namsubiri."

"Yarabi! Mwari anasema!" somo akamaka. "Utatuaibisha mbele ya wakwe, wewe!"

"Nikinyamaza mtasema nimekubali."

Maneno yakafika barazani kabla ya shahidi mwenyewe. Tukasubiri matusi. Badala yake tukamsikia bwana harusi: "Nimengoja mwaka mzima, jioni moja itanishinda?" Wazee wake wakaguna, lakini hawakuinuka.

Kaka alifika magharibi ikiadhiniwa, viatu mkononi, suruali imeganda tope hadi mapajani. Lori alilopanda kutoka Dar lilikwama karibu na Mto Mpiji, yeye na abiria wenzake wakalisukuma.

"Niliiona minazi yetu kutoka juu," alisema akihema. "Nusura nimwombe rubani anishushe hapa hapa."

"Ungetuharibia paa," shangazi akamjibu, machozi yakimtoka.

Baada ya sala alivaa kanzu ya kuazima iliyomwishia chini kidogo ya magoti, akaketi mkekani akitazamana na bwana harusi. Alimshika mkono, akaanza maneno ya kuozesha, akaishia katikati. Sheikh akamrudishia maneno mara tatu, polepole, hadi akayatamka yote. Chumbani somo akapiga kigelegele, na dada, akiwa sasa mke wa mtu, akainamia mapaja yangu akalia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia.