Mchana Tulipokula kwa Mama Zuhura

Harufu ya bizari nzima na vitunguu vikikaangwa huwatia watu njaa. Mimi hunifanya nitege sikio. Hata jikoni kwangu, watoto wakiwa wanagonganisha vifuniko vya sufuria, harufu ile ikipanda nawaambia nyamazeni kidogo. Halafu naona haya, kwa sababu wakiniuliza tunasikiliza nini sina jibu la kuwapa watoto. Wewe ni mtu mzima, ngoja nikueleze.

Nilizaliwa Nyangoto, na nilikua wakati kila mwenye mikono alikuwa anatafuta dhahabu. Watu walikuja kutoka Kigoma, Shinyanga, Singida, wakapanga vyumba mpaka mabanda ya kuku yakapata wapangaji. Baba yangu, ambaye kwa Kikurya chetu tulimwita tata, aliacha mihogo na mahindi yake akaingia duarani. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita lile shimo la kwenda chini, ambalo kuta zake hushikiliwa kwa magogo zisije zikafunga. Asubuhi alishushwa kwa kamba, jioni akapandishwa akiwa na rangi ya jivu na kikohozi kikavu. Shati lake lilinuka tope, moshi wa taa na chuma. Mama alilifua mara mbilimbili na bado lilinuka.

Mama hakulipenda lile duara. Kwao ni Kenyamonta, kwa watu wa ng'ombe na mtama, na alikuwa akimwambia tata kwamba mtu hana haja ya kujipeleka ardhini, asubiri tu, siku ikifika atapelekwa na majirani. Tata alicheka, akajibu kwamba mwamba umeanza kuonyesha rangi. Kila wiki ule mwamba ulikuwa unaanza kuonyesha rangi.

Nilipokuwa darasa la tatu ulionyesha kweli, kidogo tu, dhahabu ya kubadilisha mboga. Tata akatangaza kwamba likizo ile tutatembea kama watu wa kwenye televisheni. Tutavuka kwenda upande wa Serengeti, tule kwenye hoteli ya watalii iliyoko karibu na mbuga, tuone wanyama tukiwa tumekaa kwenye viti. Mama, ambaye hakuwahi kukubali hata soda ipotee bure, safari hii hakubisha. Alinipigia pasi gauni langu la bluu lenye mkanda, akampaka mafuta mdogo wangu Chacha mpaka akang'aa, tukavuka Mto Mara. Tulilala Mugumu kwa ndugu yake mama, na asubuhi tukapanda lori la mchanga mpaka mbele ya Morotonga, kule barabara inakoanza kuwa na vumbi jekundu na vibao vya picha za tembo.

Kwenye geti la hoteli, mlinzi, kijana wa kwetu, alimpa tata shikamoo ya heshima kisha akamletea karatasi ya vyakula palepale nje. Tata aliisoma kuanzia juu mpaka chini, akarudi juu. Supu ya maboga, ile ambayo mama alitupikia siku za ukata, ilikuwa bei ya mbuzi.

"Na huyo mbuzi tunaondoka naye?" tata aliuliza.

Mlinzi alicheka akiwa ameziba mdomo. Kuogelea kwa watoto nako kulikuwa kwa kulipia, na Chacha, aliyezoea kuoga bure kwenye mto wenye mamba, alitaka kujua hayo maji yamewekwa nini. Tata alibaki amesimama na koti lake la kanisani, jua likimpiga, asijue ageukie wapi.

"Twendeni pale njia panda," mama akasema. "Kuna mama anapika. Bei ya watu."

Akatangulia, nasi tukamfuata.

Palikuwa na nyumba ya bati yenye baraza, mabenchi marefu, na bembea ya tairi iliyoning'inia kwenye mgunga. Mpishi alikuwa mwanamke mwembamba, amejifunga kanga kichwani na kiunoni, aliyeitwa Mama Zuhura. Mume wake alitoka Tanga na biashara ya vitambaa, akafungua duka Mugumu, mwishowe akanaswa na dhahabu kama wengine. Sauti ya Mama Zuhura ilikuwa ya upole na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha mwalimu wetu. Alituambia watoto tucheze, chakula kikiwa tayari tutaitwa.

Na tulicheza! Nilipanda ile bembea mpaka nikaona kizunguzungu. Pembeni palikuwa na kilima kidogo cha mawe, na ukisimama juu yake ulimwona pundamilia bila kumlipa mtu. Chacha aliona twiga akabisha kwamba ni mti, mpaka ule mti ulipotembea. Tata alianza kurudisha uso wake wa kawaida. Nikafikiri kwamba hata wale wa hotelini hawafurahi hivi.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Nyuma ya nyumba palikuwa na kijia kilichofagiwa vizuri kuliko uwanja wa mbele, kikienda kwenye ua wa matawi ya miiba. Kuku wa Mama Zuhura walidonoa kila mahali, lakini wakifika kwenye kile kijia waligeuka. Niliwafukuza kuelekea kule makusudi. Walipita katikati ya miguu yangu kurudi.

Chakula kikawa tayari: pilau, kachumbari, maharage kwa asiyemudu nyama, ndizi mbivu za watoto. Tata aliuliza bei, akauliza tena kwa kudhani amesikia vibaya.

"Watoto hawalipi kwangu," Mama Zuhura alisema. "Mimi nina kijikazi kidogo tu nao."

Alipakua sahani zote. Mwisho kabisa akapakua moja iliyojaa, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka mwisho wa benchi mahali ambapo hapakuwa na mtu. Madereva wa watalii waliokuwa wakicheka kwa sauti wakanyamaza. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Zuhura akanitazama.

"Waitwa nani, mwanangu?"

"Rhobi."

"Rhobi, njoo tukamwite baba Zuhura. Hatuli mpaka aitwe."

Nilidhani kuna mtu anapasua kuni huko nyuma, nikamfuata kwenye kijia. Nyuma ya ule ua wa miiba palikuwa na duara. Ukingo wake ulikuwa umefagiwa pia. Magogo ya juu yalikuwa yameoza, na chini yake kulikuwa na giza, mchana kweupe. Mama Zuhura alinishika mkanda wa gauni kwa nyuma, kwa nguvu, nisije nikateleza.

"Zuhura ndiye alikuwa akimwita kila mchana," aliniambia, kama mtu anayemwelekeza mtoto dukani. "Sasa yuko Tanga kwa bibi yake, maana alikuwa hataki tena kubanduka hapa. Mimi nikiita, atadhani namgombeza. Sauti ya mtoto ndiyo anayoipenda. Sema, baba, njoo, chakula kiko tayari."

Hewa ya baridi ilipanda kutoka chini ikanigusa uso. Ilikuwa na harufu ya tope, moshi na chuma. Ilikuwa harufu ya shati la tata.

Nilikusudia kusema kama nilivyoelekezwa. Lakini mdomo wangu ulikuwa haujawahi kumwita mwanamume baba.

"Tata!" niliita. "Tata, njoo, chakula kiko tayari!"

Nilisikia sauti yangu ikishuka, ikigonga ukuta huu na ule, ikizidi kuwa ndogo, mpaka ikaisha. Kukawa kimya. Nilishageuka kuondoka ndipo ikaja kutoka chini.

"Eee."

Fupi, ya kuchoka, kama ya mtu anayetua sururu. Kisha changarawe zikabingirika zikaingia majini.

"Ahsante," Mama Zuhura alisema taratibu. "Amesikia."

Tata alikuwa amesimama kwenye uwazi wa ule ua, mama nyuma yake. Uso wake ulikuwa na rangi ile ya jivu, na siku hiyo hakuwa ameshuka popote. Alikuja akaninyanyua, mimi niliyekuwa mkubwa wa kuchota maji, akanibana kifuani mpaka nikausikia moyo wake.

"Walimtoa?" alimuuliza Mama Zuhura.

"Bado."

"Tangu lini?"

"Zuhura alikuwa aking'oka meno ya utoto."

Tulirudi barazani tukala. Sitasema uongo, pilau lilikuwa tamu, na Chacha aliomba aongezwe. Tata hakugusa. Tulipoondoka ile sahani ilikuwa bado imefunikwa mwisho wa benchi, na nzi waliojaa kwenye sahani zetu hawakuisogelea.

Jioni kule Mugumu tata aliniita pembeni. "Uliitikiwa?"

"Ndiyo. Si ni wewe?"

Alinishika kichwa, akatoka nje.

Hakushuka tena duarani. Wenzake walikuja nyumbani kumbembeleza, kisha kumcheka. Mmoja wao, Juma wa Kigoma, alimuuliza mbele ya mama, "Mzee, unakimbia mwangwi?" Tata akaenda kufyatua matofali. Ningependa kukwambia kwamba lile duara lake lilibomoka ikajulikana alikuwa sahihi, lakini halikubomoka. Masika yaliyofuata lilitoa dhahabu. Juma alinunua pikipiki, mwingine akajenga nyumba ya madirisha ya vioo, kwa matofali ya tata. Kijiji kizima kilimcheka. Usiku mmoja nilimsikia akimwambia mama kwamba angeweza kuwa tajiri. Mama alimwambia alale.

Alizeeka. Alikufa kitandani, mama akiwa amemshika mkono, tukamzika nyuma ya nyumba. Siku ile nilipoona jeneza likishuka kwa kamba ndipo nilipomwelewa yule mwanamke wa njia panda. Sisi tulijua tata yuko wapi, na tulijua hatakula tena. Yeye hakuwahi kupewa hata hayo.

Baada ya matanga, tukichambua maharage, nilimuuliza mama alijuaje njia ya kule siku ile.

"Nilishakula pale," alisema. "Chacha akiwa mgongoni, nikitoka kuwasalimia ndugu zangu. Zuhura mwenyewe ndiye aliyekwenda kuita. Aliita mpaka sauti ikamkauka, kasichana kadogo, hakuna kilichomjibu. Nikasema, tata yako hanisikii mimi, labda akisikia mtoto wake anaita shimoni, atasikia."

"Kwa hiyo ulipanga."

"Nilipanga uite." Aliacha maharage, akanitazama. "Kuitikiwa sikukupanga. Na usidhani ni tata yako aliyeitika. Nilikuwa namtazama, Rhobi. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yake yote miwili."